Bei ya kuhariri naitaja nikishauona mswada

Mteja akiniambia "ipitie tu kidogo, haina makosa", najua hapo kuna kazi. Mimi ni mwandishi na mhariri wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, na nimedumu kwenye shughuli hii kwa sababu nilijifunza kutotaja bei kabla sijauona mswada.

Huwa naomba kurasa kumi za katikati. Za mwanzo kila mtu amezipiga pasi. Za katikati ndiko mwandishi alikochokea. Nahariri ukurasa mmoja huku natazama saa, halafu nahesabu kazi nzima kwa ukurasa wa maneno 300, maana wapo wanaobana herufi mpaka kurasa mia zinakuwa sitini. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliniletea kumbukumbu za maisha yake. Huko katikati jina la marehemu mkewe lilikuwa na tahajia tatu, na safari ya Tabora ilianza kwa treni ikaishia kwa basi. Nikamwonyesha. "Kumbe, mwanangu!" akasema, akacheka sana. Bei hatukubishania tena.

Nusu ya malipo naipokea kwa simu kabla sijaanza. Makubaliano lazima yaandikwe, hata yawe ujumbe wa WhatsApp: nasahihisha lugha tu au na mpangilio pia, nasoma mara ngapi, tahajia ikitugombanisha tunafuata kamusi ya TUKI au ya BAKITA. Mashirika ni habari nyingine. Yanalipa vizuri ila yanachelewa, yanataka ankara yenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, na yanakata kodi ya zuio asilimia 5. Cheti cha makato hayo kidai mwenyewe, tena mapema, kabla mhasibu hajahamishwa.

Hadithi zangu hazilipi pango, tusidanganyane. Zinazolipa ni ripoti za miradi. Ndiyo maana hadithi zangu naziandika alfajiri, kabla sijagusa sentensi ya mtu. Nikishinda kwenye "utekelezaji" na "wadau", jioni hata wapenzi kwenye hadithi wanaongea kama wako semina. Siku nyingine inatoka aya moja tu. Naihifadhi, nachemsha chai, nafungua kazi ya watu.

Juzi yule mzee kaurudisha mswada na sura nzima mpya, hakuniambia. Nzuri kuliko zote, kwa kweli. Nimempigia simu, nikamwamkia, nikamsifu, kisha nikamtumia ankara yake.