Picha ya Kiwanja Chetu Ilipigwa Lini?

Mwezi uliopita kaka yangu anayeishi Dar es Salaam alinipigia simu akiwa na uchungu. Alikuwa amefungua ramani ya mtandaoni, akakitafuta kiwanja chetu kilicho pembezoni mwa Moshi, akaona vichaka vitupu mahali ambapo nilimwambia kuta zimefika usawa wa madirisha. Simlaumu. Wengi wetu huitazama picha ya setilaiti kana kwamba inaonyesha yanayotokea sasa hivi, ilhali Google yenyewe hueleza kwamba nyingi ya picha zake zina umri wa kati ya mwaka 1 na 3, na picha za mtaa mmoja huweza kuunganishwa kutoka tarehe tofauti.

Si kwamba setilaiti hazipiti. Zile za Sentinel-2, za Umoja wa Ulaya, hurudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 5 hivi, na picha zake ni bure. Lakini nukta moja ya picha hiyo ni mita 10 kwa 10 ardhini, kwa hiyo nyumba ya kawaida huwa doa tu. Picha kali zinazoonyesha bati na uzio hutoka kwa kampuni zinazoziuza, nazo miji mikubwa ndiyo hupewa nafasi ya kwanza. Kisha kuna mawingu, ambayo kwetu ni jambo zito: wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, miteremko ya Kilimanjaro hufunikwa siku nyingi mfululizo, na hata kukiwa kweupe, huko Kibosho na Uru nyumba nyingi zimejificha chini ya migomba na miti ya kihamba, yaani shamba la familia linaloizunguka nyumba.

Nilimwomba kaka afungue Google Earth Pro kwenye kompyuta na kusoma tarehe iliyoandikwa chini ya picha. Ilikuwa ya kabla hatujachimba msingi. Baadaye tulitafuta picha ya karibuni ya Sentinel-2, tukaona doa jeupe la udongo pale palipokuwa na vichaka. Halikutosha kuonyesha ukuta, lakini lilitosha kumtuliza. Jioni hiyo nilikwenda kiwanjani, nikampigia simu ya video, nikamtembeza chumba kwa chumba.