Shimo la Mazimwi Ndani ya Pakiti ya Karata
Mchezo ninaoupenda kuliko yote ya kucheza peke yangu ni Scoundrel, uliobuniwa na Zach Gage na Kurt Bieg mwaka 2011, nao hauhitaji chochote zaidi ya karata za kawaida. Ukishaondoa jokari, ree nyekundu na picha nyekundu, hubaki karata 44: pau na shupaza ni mazimwi, uru ni silaha, kopa ni dawa, nawe unaingia shimoni ukiwa na pointi 20 za uhai. Kinachonivutia hasa ni kanuni ya silaha, kwani upanga uliokwisha kumwua zimwi hauwezi tena kutumika dhidi ya mwenye nguvu kuliko huyo, hivyo kila pigo ni uamuzi mzito. Juzi nilitoka shimoni nikiwa na pointi 2 tu, na moyo ulikuwa bado ukinidunda nilipozichanga karata upya.