Siku moja kwenye shamba la babu, Kondoa

Saa 11 alfajiri. Nikishaswali nainjika uji wa uwele. Baba watoto yuko bandani, anamkatia ng'ombe majani. Kwetu ng'ombe hatoki kwenda kuchunga, chakula anafuatwa nacho. Babu alihama hapa mwaka 1979, serikali ilipoamuru mifugo yote itolewe kwenye maeneo ya Kondoa yaliyoliwa na mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulikuwa umeanza 1973. Babu akawafuata ng'ombe wake, akaacha ekari tatu zenye korongo katikati.

Saa 12 na nusu. Naanza na visiki, jua halijawa kali. Watu huviona vimekufa, lakini mizizi chini iko hai. Kisiki kimoja cha mgunga kina chipukizi kama kumi na tano zinagombana. Nachagua mbili zilizonyooka na nene, nyingine nakata, kisha napogolea matawi ya chini na kufunga kitambaa chekundu ili kila apitaye ajue mti huu una mwenyewe. Ndiyo kisiki hai: hununui mche, humwagilii. Kinachotakiwa ni ulinzi, maana mbuzi wa asubuhi moja tu wanamaliza kazi ya mwaka.

Saa 3. Mfereji wa fanya juu, wa kuzuia maji yasiporomoke na udongo. Mwaka wa kwanza niliupima kwa macho, na mvua kubwa ya Januari ikanionyesha kosa langu: maji yalikusanyika upande mmoja, yakapasua tuta, yakachimba korongo jipya hadi kwenye karanga. Nililia. Sasa natumia miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe inaning'inia katikati. Kamba ikitulia kwenye alama, miguu yote miwili iko usawa mmoja, nachomeka kigingi na kusogea. Udongo tunautupa upande wa juu, na juu ya tuta tunapanda majani ya tembo, ambayo ndiyo chakula cha ng'ombe.

Mzee jirani anapita. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Hapo zamani hata punda hakupita." Anasimama kitambo akiliangalia korongo, ambalo sasa limeota nyasi hadi chini.

Saa 6. Mboji. Nachomoa fimbo iliyokaa katikati ya lundo, naishika: ina joto na unyevu, basi inaiva. Ingetoka kavu ningeongeza maji.

Saa 7 mchana ugali wa mtama na mlenda, kisha kivuli.

Saa 10. Watoto wametoka shule, tunachimba mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji kimoja cha hapa hapa Dodoma. Upana sentimeta 22, kina 30; kutoka shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90. Ndani tunatia samadi, mabaki ya mazao na majivu kidogo ya kufukuza wadudu. Mvua ikija, maji yanabaki pale pale penye mbegu. Kazi yake ni nzito, sitaki kumdanganya mtu: ekari moja inameza mashimo zaidi ya 7,000, na ardhi ya Novemba ni ngumu kama sakafu. Ndiyo maana tumeanza na nusu ekari, tangu Septemba. Tutapanda mtama na kunde humo, mbaazi pembeni.

Binti yangu ananiita. Chini ya matandazo, mabaki makavu tuliyofunikia udongo mwaka jana, amekuta mnyoo wa ardhini. Nachota udongo ule, naufinya, unashikana kiganjani. Hatua tatu mbele, pasipo matandazo, unamwagika kama unga. Namwambia amfunike, asiguswe na jua.

Saa 12 jioni. Leo tumepata mashimo 64. Upande wa mashariki kuna wingu. Kabla ya kulala, baba watoto anazoa samadi ya kesho, nami nachambua mbegu za kunde kwenye ungo.