Taya lililogoma kufunguka

Kwa miaka taya langu la kushoto lilikuwa likialika kila nikipiga mwayo. Kisha mlio ukakoma ghafla, na mdomo nao ukagoma kufunguka.

Mbele tu ya sikio, kati ya mfupa wa taya na fuvu, kuna kisahani cha gegedu. Kikiponyoka na kurudi, taya hualika. Kikiponyoka kisirudi, taya hukwama kama mlango uliotiwa kabari. Ndiyo maana mlio ukiisha huku mdomo umebana, si dalili ya kupona.

Dawa za kupunguza uvimbe, kitambaa cha moto, plastiki ya kuvaa kwenye meno usiku: vyote vilituliza maumivu, ila mdomo ulibaki palepale. Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya aliweka rula kati ya meno ya juu na ya chini, akasoma milimita 24. Mtu mzima kwa kawaida hufikisha 40 au zaidi, yaani vidole vitatu vilivyopangwa wima. Picha ya MRI ikaonyesha kisahani kimekwama mbele.

Nilijiandaa kupasuliwa. Akasema, "Kisu baadaye. Kwanza tukioshe kiungo."

Nilichomwa ganzi, kisha sindano mbili zikaingizwa mbele ya sikio: moja ya kupitisha maji ya chumvi, nyingine ya kuyatoa. Sikuhisi maumivu bali msukumo, kana kwamba sikio linajaa. Mwishowe alilishika taya kwa vidole gumba akalivuta chini, na likaachia. Siku za mwanzo meno ya nyuma upande ule hayakukutana. Alikuwa ameshanionya, vinginevyo ningepagawa.

Kisahani hakikurudi mahali pake. Maji huondoa kemikali za uvimbe na kulegeza palipogandana, basi. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu: kupanga kati ya meno vile vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi, nikiongeza kimoja kila taya lilipozoea. Kwa maoni yangu hapo ndipo matibabu yenyewe yalipokuwa, na hapo ndipo wengi huchoka.

Kiungo kikiwa kimelika sana au mifupa imeungana, kuosha hakutoshi. Hapo ndipo hufikiriwa upasuaji wa wazi, hata kiungo bandia. Changu hakikuwa kimefika huko. Leo rula inasoma 38. Matunda magumu bado nayakata vipande, na plastiki ya usiku sijaiacha.