Mateka yupo Chicago, aliyemkamata hayupo

Basi lilitutoa katikati ya Chicago likashika njia ya kusini, Ziwa Michigan likiwa mkono wa kushoto, kijivu, halionyeshi ng'ambo. Mpwa wangu anayesoma huko aliniuliza mara mbili: "Mjomba, umesafiri kote huku kuja kuangalia nyambizi ya Wajerumani?"

Nikamwambia nyambizi nitaiona, lakini ninayoifuata ni meli nyingine. Mimi ni fundi wa injini melini, na USS Guadalcanal imenikaa moyoni miaka mingi.

Ilikuwa meli ndogo ya kubeba ndege ya jeshi la majini la Marekani, mojawapo ya 50 za aina moja zilizoundwa kwa haraka ya vita kwenye karakana ya Kaiser, Vancouver, jimbo la Washington. Urefu mita 156, mwendo noti 19 hivi, yaani kama kilomita 35 kwa saa. Ilianza kazi tarehe 25 Septemba 1943 chini ya Kapteni Daniel Gallery, mwana wa Chicago hii hii. Ilipelekwa Atlantiki kuwinda nyambizi zilizokuwa zikizamisha meli za mizigo: ndege zake zikisaka kutoka angani, manowari za kusindikiza zikimalizia. Aprili 1944 walizamisha U-515 tarehe 9, na U-68 kesho yake.

Gallery akataka zaidi ya kuzamisha. Akataka kukamata.

Ndani ya Makumbusho ya Sayansi na Viwanda tuliteremka chini ya ardhi, na hapo ndipo U-505 ilipo: mita 76 za chuma, nzima. Mpwa wangu alinyamaza.

Tarehe 4 Juni 1944, nje ya pwani ya Afrika Magharibi, manowari Chatelain iliipiga kwa mabomu ya chini ya maji mpaka ikaibuka, usukani umekwama, ikizunguka. Wajerumani waliruka baharini, mmoja wao akafa, 58 wakachukuliwa mateka. Injini waliziacha zinaunguruma na maji yanaingia. Luteni Albert David na wenzake wanane kutoka Pillsbury, manowari nyingine ya kusindikiza, wakashuka ndani bila kujua kama kuna baruti iliyotegwa. Mmoja wao, Zenon Lukosius, akaukuta mfuniko wa tundu lililokuwa likimwaga maji, akaurudisha mahali pake. Nimewahi kusimama kwenye chumba cha injini maji yakiwa magotini. Najua moyo unavyodunda, na sisi tulikuwa kwenye meli yetu wenyewe.

Guadalcanal ikaifunga kamba ikaivuta. Lakini nyambizi ilikuwa nzito kwa maji, na betri zake zilikuwa zinaisha. Hapa ndipo alipo shujaa wangu, Earl Trosino, mkuu wa mafundi wa Guadalcanal. Alitambaa ndani ya chombo asichokijua, akazitenga injini za dizeli na mota za umeme, kisha akaomba kamba ivutwe kwa kasi. Maji yakazungusha rafadha, yaani panga za nyuma zinazosukuma chombo, rafadha zikazungusha mota, mota zikageuka kuwa jenereta, betri zikajaa. Pampu za nyambizi yenyewe zikaanza kutapisha maji. Nilisimama nyuma ya U-505 nikizitazama rafadha hizo, nikamweleza mpwa wangu yote kwa mikono, watu wakitupita.

Tarehe 19 Juni ilifikishwa Bermuda ikiwa na vitabu vyake vya msimbo wa siri. Mabaharia wapatao 3,000 walioshuhudia waliagizwa wafunge midomo, nao wakafunga. David alifariki Septemba 1945 kabla ya kuvikwa Nishani ya Heshima. Mjane wake ndiye aliyeipokea.

"Na Guadalcanal yenyewe iko wapi, mjomba?"

Iliondolewa kazini 1946, ikaegeshwa miaka kadhaa, ikauzwa chuma chakavu 1959. Miaka mitano kabla yake mateka wake alikuwa ameshaletwa hapa na kuhifadhiwa.

Mpwa wangu hakusema kitu. Alirudi peke yake nyuma ya nyambizi, akasimama tena mbele ya rafadha.