Kasha la mvuke: barafu imetoka, maji ya kisima yameingia

Kwa mliokuwa mkiuliza, mradi wangu wa kasha la mvuke bado uko hai. Barafu niliyokuwa nikipozea mvuke nimeachana nayo.

Lengo ni lile lile: kunasa vumbi la msasa kwa mvuke, bila kununua vichujio. Ami yangu anachonga milango ya mbambakofi hapa Langoni, na vumbi linalomkaba kifua si lile la kufagia. Ni lile la chini ya maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), linaloelea kutwa. Chembe kubwa hujigonga ukutani hewa inapokata kona. Zile ndogo kabisa huyumbayumba zenyewe mpaka ziguse kitu zinase. Za katikati, za maikromita 0.1 hadi 0.5 hivi, hazina uzito wala wepesi wa kutosha. Ndizo ninazozisaka, na kwa majaribio natumia moshi wa udi, maana una chembe za kiasi hicho.

Mvuke huzishika kwa njia mbili. Hewa iliyoshiba mvuke ikipoa, mvuke hugeuka maji juu ya chembe, chembe ikavimba ikawa tone, na tone si kazi kulinasa. Katika miaka ya 1880 mwanasayansi John Aitken wa Scotland aliingiza mvuke kwenye hewa ya kawaida, ukungu ukajaa chombo. Kwenye hewa aliyoichuja kwa pamba, ukungu haukutokea.

Njia ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Mvuke unapogeuka maji kwenye bomba baridi, mwingine hukimbilia pale pale kuziba pengo, na katika kukimbia huzikokota chembe. Mkokoto huo haubagui sana ukubwa, kwa hiyo hata zile sugu huchukuliwa.

Sasa hesabu ya barafu. Kilo moja ya mvuke wa birika, mpaka iwe maji baridi, huyeyusha karibu kilo 8 za barafu. Barafu yenyewe nagombania na wavuvi! Nikakaa na jedwali la mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba kwenye nyuzi 30 ina gramu 30 za maji. Ukiipoza hadi nyuzi 10 zinatoka gramu 21 tu. Lakini ukiishibisha kwenye nyuzi 60 inabeba gramu 130, na kuirudisha hadi 30 kunatoa kama gramu 100. Kumbe ubaridi si hoja, hoja ni pengo kati ya maji yanayoingia na hewa na yanayobaki ndani yake. Na nyuzi 30 kisima cha uani kinanipa bure.

Kwa hiyo mpangilio wa sasa: chetezo ndani ya dumu la kwanza, feni ndogo ya kompyuta inasukuma moshi hadi dumu la pili unakoingia mvuke wa birika la umeme (jiko la makaa lingeniongezea moshi ninaoukimbia), kisha bomba la shaba nililopewa na fundi wa friji, limezungushwa ndani ya ndoo ya maji ya kisima. Maji yetu yana chumvichumvi, shaba imeshaanza kuota kijani. Mwishoni hudondoka maji ya rangi ya chai hafifu, na ukiyanusa ni udi mtupu. Nikimulika leza ya kijani kwenye hewa inayotoka, mstari bado unaonekana, ila umefifia sana.

Haishangazi kwamba haujapotea. Kwenye nyuzi 60 mvuke ni takriban moja ya tano ya hewa yote, na mkokoto peke yake hauwezi kuchukua zaidi ya sehemu hiyo. Kwenye nyuzi 80 ungekuwa karibu nusu. Itabidi nifunge dumu la pili kwa magunia lisipoteze joto.

Kipima vumbi changu cha leza siwezi kukitumia kwa hewa mbichi, kinahesabu matone kama vumbi. Nimekiwekea kipande cha bomba chenye waya wa joto mbele, matone yakauke kwanza. Kinaanza kusema mambo ya maana.

Ami naye ana malalamiko yake, tena ya haki. Hewa inatoka imeshiba, na ubao unakunywa maji. "Mwanangu, umenitolea vumbi ukaniletea masika ndani." Wiki hii natoboa dirisha la nyuma, bomba la kutolea hewa lipite huko, kabla ule mlango wa harusi haujaanza kupinda.