Nyumba Isiyo na Ukumbi

Mwaka 2015 nilinunua nyumba ya mbao katika mtaa wa Germantown, mjini Louisville, Kentucky, Marekani. Dalali aliniambia ni "ya Kivictoria, ya 1880 hivi", yaani ya zama za Malkia Victoria. Karatasi za kodi zilisema 1900. Mimi nilichojua ni kwamba mjenzi alisahau ukumbi.

Nimekulia Tanga, katika nyumba ya Kiswahili. Unaingia mlangoni, ukumbi unakupeleka moja kwa moja hadi uani, vyumba viko huku na huku. Hii ya Louisville ilikuwa chumba nyuma ya chumba nyuma ya chumba, na choo mwisho kabisa. Mgeni akibanwa na haja sharti apite chumbani kwetu. Mke wangu alitundika mapazia mawili na bado akawa anaona haya. Tena huko nyuma kulikuwa na ghorofa, mbele hakuna. Nikadhani mwenyewe alianza kupandisha, pesa zikamwishia.

Nilitaka kuupa uso wa nyumba sura yake ya zamani. Nikapata kijitabu cha picha za rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi: kila mtindo ukurasa mmoja, picha moja, na miaka yake. Kwenye ukurasa wa mtindo uitwao Queen Anne niliona vibao vilivyokatwa mfano wa magamba ya samaki, vimepangwa juu ukutani, pale paa linapofanya pembe. Kwangu vilikuwapo! Jumba la pichani lilikuwa na baraza lenye nguzo za kukereza. Nikaagiza nguzo nne, dola 340.

Rafiki yangu, fundi seremala wa Bukavu, alikuja kuzitazama. Akazizunguka, akautazama mlango wangu unaofungukia ngazi mbili na njia ya miguu.

"Ndugu yangu, hizi utazisimamisha wapi?"

Jumamosi iliyofuata nikaenda maktaba kuu, ile ya York Street. Mkutubi, mama mtu mzima, hakuniuliza mtindo. Aliniuliza vyumba vimepangwaje. Nikamchorea nyuma ya bahasha, akacheka kidogo, kisha akaniletea kitabu kinene: A Field Guide to American Houses. Virginia na Lee McAlester walikitoa mwaka 1984, na Virginia akakipanua mwaka 2013.

Tofauti niliiona kurasa za mwanzo tu. Mle mna michoro ya kukuongoza: ukiona paa la namna hii, au dirisha la namna ile, kalinganishe na mitindo hii kadhaa. Hawakuharakishi kutaja jina. Na nyumba za watu wa kawaida wamezipa sehemu yake, kwa maumbo yake, mbali na majumba ya mitindo. Kumbe magamba yangu ya samaki yalikuwa pambo tu, mtu yeyote angeweza kuyanunua na kuyapigilia popote. Mwili wa nyumba yangu ulikuwa na jina jingine: shotgani. Wenyeji husema ukifyatua bunduki mlango wa mbele, risasi zitatokea wa nyuma bila kugusa ukuta.

Kuhusu asili yake, kitabu kinatoa kauli mbili. Wako wataalamu wanaosema umbo hilo lilitoka Afrika likapitia Haiti hadi New Orleans, kisha Waafrika walioachwa huru wakaenea nalo katika miji ya kusini. Wengine wanasema ni nyumba ya shamba ya vyumba viwili, imegeuzwa ubavu ili ienee kwenye kiwanja chembamba cha mjini. Afrika inayotajwa ni ya magharibi, si kwetu Tanga. Hata hivyo ile hasira yangu ya ukumbi ilipungua.

"Kitabu hakiijui nyumba yako," mama yule akaniambia. "Twende kwenye ramani."

Zilikuwa ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto. Rangi ya njano ni mbao, ya waridi ni matofali. Baraza huonyeshwa kwa vistari vilivyokatika, na ndani ya kila nyumba huandikwa idadi ya ghorofa zake. Katika ramani ya 1892 kiwanja changu kilikuwa kitupu. Katika ya 1905 kulikuwa na mstatili mwembamba wa njano: mbele pameandikwa 1, nyuma 2. Vistari vya baraza havikuwapo, hata kimoja.

Basi hakuna aliyeishiwa pesa. Ilijengwa hivyo tangu mwanzo, na Louisville wanaiita mgongo wa ngamia. Nilirudi nyumbani nikapanda darini kutazama misumari. Ilikuwa ya waya, ya mviringo, aina iliyotawala soko kuanzia miaka ya 1890, si ile bapa ya kukatwa iliyotumika kabla yake. Ile 1880 dalali aliitoa kichwani mwake.

Duka lilikataa kuzipokea nguzo. Mbili nilimpa yule fundi wa Bukavu, akazikata na kuzifanya miguu ya meza. Mbili zimesimama uani, zimefungwa kamba ya kuanikia nguo, na mke wangu akipata wageni huwaambia zile ni Queen Anne.